Diski Mbili za Mama Pacha

Mama Pacha hakuzaa pacha hata siku moja. Watoto wake walikuja mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake na kwa kelele zake, na sasa wote wana nyumba zao. Jina hilo alibandikwa na wateja wa cherehani yake, kwa sababu kila kitu cha maana ndani ya nyumba ile kilikuwa na mwenzake. Mkasi wa kukatia una mwenzake. Pasi ina mwenzake. Ufunguo wa mlango wa mbele una mwenzake kwa jirani, na ukidadisi sana utaambiwa upo na wa tatu. Hata cherehani ilikuwa na mwenzake, imefunikwa shuka pembeni kama mgonjwa aliyelala.

Aliyeteseka na jina hilo ni mumewe. Yeye ni fundi rangi, mtu wa ngazi na brashi, na kama mke ni Mama Pacha basi mume atakuwa nani tena? Kila akienda kupaka nyumba ya watu, mwenye nyumba humuuliza pacha hawajambo, wameshakuwa wakubwa, wanafanana sana? Naye yuko juu ya ngazi, rangi inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, aanze kueleza upya kwamba hakuna pacha, kuna mikasi. Watu hucheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

"Mke wangu, hili jina litanitoa roho," alikuwa akisema.

"Kwani wewe unataka uitwe nani? Baba Mmoja?"

Basi. Mjadala unaishia hapo, chai inaletwa.

Ila tuseme ukweli, tabia ile haikuanza bure. Mama Pacha hashoni nguo za kila mtu. Anashona za watu ambao nguo za dukani huwakataa: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye mkono ulioishia kiwikoni, mzee aliyepinda mgongo mpaka koti lolote analovaa humpanda nyuma. Nguo ya mtu wa namna hiyo haipatikani kwa kupima mara moja. Unapima, unakata kitambaa cha bei rahisi cha kujaribia, unamvalisha, unabana pini, unafumua, unaanza tena. Ukishaupata mchoro wa mwili wake, umepata mali. Michoro hiyo zamani aliichora kwenye karatasi ngumu, akaikunja kama mikeka na kuipanga juu ya kabati. Mwaka mmoja paa lilivuja juu ya kabati hilohilo wakati wao wako msibani. Waliporudi walikuta uji. Mama Pacha alikaa chini sakafuni akalia kama aliyefiwa mara ya pili, kisha akaanza kuwaita wateja wake mmoja mmoja, na baadhi yao hawakuwa tena wa kuitwa.

Baada ya hapo akajifunza kuchora kwenye kompyuta. Ilimchukua muda na ilimchukua machozi, lakini alijifunza. Anachora mchoro kwenye kioo, anautoa kwa printa vipande vipande, anaviunganisha kwa gundi, anakata. Na kwa kuwa yeye ni yeye, akanunua diski mbili za nje za kuhifadhia nakala, nyeusi zote, zinafanana huwezi kuzijua. Akazishonea vifuko, kimoja chekundu na kimoja cha buluu, vina bitana na vifungo, utadhani vinakwenda harusini. Mumewe alimwambia aandike tu kwa kalamu juu ya diski, yaishe. Mama Pacha akamwangalia jicho la pembeni. Kalamu hufutika, akasema, mshono haufutiki.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila Ijumaa anachukua diski iliyopo nyumbani, anaijaza nakala ya kila kilichomo kwenye kompyuta. Jumapili wanakwenda kula kwa wifi yake, dada wa fundi rangi, mwanamke anayependa usafi kuliko usingizi. Wakifika, Mama Pacha anamwachia wifi diski iliyojazwa juzi na kuchukua ile aliyoiacha Jumapili iliyopita. Kwa hiyo nakala mpya hulala kwa wifi, mbali na paa lao, na ya zamani hurudi nyumbani kungoja Ijumaa. Juu ya hayo yote alikuwa na kanuni moja aliyoisema mpaka mumewe akawa anaimalizia: nakala haifutwi mpaka ile nyingine imefunguliwa na kuonekana kwa macho. Kwa macho, wala si kuona jina lake tu.

"Jina la gauni si gauni," angesema.

"Haya, mwalimu," angejibu fundi rangi.

Sasa aje bibi harusi.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, sauti yake ikiingia kabla yake. Uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda tangu utotoni, bega la kushoto likapanda, la kulia likashuka, na nyonga moja ikatangulia nyingine. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kioo cha Mama Pacha akacheka, lakini cheko lake lilikuwa na kitu ndani.

"Mama, mimi maisha yangu yote sijawahi kuvaa nguo. Nguo ndizo zinanivaa mimi. Watu wa dukani wananiambia nichukue pana, itanificha. Sasa na siku yangu ya harusi nifichwe?"

"Hufichwi," alisema Mama Pacha. "Geuka."

Walijaribu mara nyingi. Kitambaa cha kujaribia kilifumuliwa mpaka kikachoka, mwisho Mama Pacha akakitupa kwenye vitambaa vya kufutia vumbi. Lakini Alhamisi moja jioni mchoro ukakubali. Mwalimu aliondoka siku iliyofuata kwenda kwao kwa wazazi, safari ndefu, arudi Ijumaa ya kuamkia harusi. Kitambaa chenyewe, cheupe cha kung'aa, kilichelewa kwa shangazi wa bwana harusi aliyekuwa akikileta, na kilipofika kilikuwa kinatosha gauni moja tu, bila kipande cha ziada. Ukikosea bega moja umeharibu harusi. Mama Pacha alikilaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akasema ataanza kukata Jumanne.

Jumanne asubuhi kompyuta ikawashwa, ikagonga. Kak. Kak. Kak. Kioo kikabaki cheusi.

Fundi rangi alikuwa nyumbani siku hiyo, anangoja rangi ya mteja ikauke. Alisikia mlio ule akadhani panya. Alipoingia alimkuta mkewe ameketi mikono mapajani, anaitazama mashine bila kuigusa.

"Imekufa," alisema Mama Pacha.

"Izime uiwashe."

"Nimefanya hivyo. Nisipofanya tena ndiyo salama yake."

Waliita fundi kompyuta wa mtaa, mama mmoja wanayemwita Bisibisi kwa sababu huwa nayo nyuma ya sikio kama seremala na penseli. Bisibisi alifungua kasha la kompyuta, akatega sikio, akaunganisha hiki na kile kwenye mashine yake ndogo, kisha akatikisa kichwa. Diski ya ndani imevunjika yenyewe, alisema, hapa hakuna programu ya kuiponya. Akauliza kama wana nakala.

"Nakala!" Fundi rangi alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Dada yangu, umekuja nyumba ya nakala."

Wakamweleza habari za diski mbili na ile inayolala kwa wifi, Bisibisi akafurahi. Akaeleza kuwa diski mpya hana mkononi, mpaka kesho aifuate mjini. Ila kama wana haraka, ipo njia. Hii ya nje iliyopo hapa nyumbani, si ndiyo ya zamani? Ataitoa kwenye kasha lake, aifute, aipachike ndani ya kompyuta, aweke programu. Wakati huo mzee aifuate ile mpya kwa dada yake, waje wairudishie michoro. Mpaka saa ya chakula cha mchana watakuwa wanakata kitambaa.

Mfuko wa buluu ulikuwa pale mezani. Wiki ile zamu ya kujazwa ilikuwa ya diski ya kifuko chekundu, ikaachwa kwa wifi Jumapili, hii ya buluu ikarudi. Fundi rangi alikuwa ameshaufungua mfuko na kuitoa diski, ameshampa Bisibisi mkononi.

"Hapana," alisema Mama Pacha.

"Hapana nini? Ya zamani hii."

"Haifutwi."

"Mke wangu, harusi Jumamosi! Kuna nini humu? Michoro ya wiki ile nyingine. Ya nini?"

"Ya kukaa."

Fundi rangi alipandwa na hasira, tena hasira ya mtu anayejua yuko sahihi, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Alisema mkewe anaabudu vitu viwili viwili. Alisema siku moja watazikwa wawili wawili kwa ajili ya akiba. Alisema kupoteza siku nzima kwa ajili ya diski isiyo na kazi ni ushamba, na neno hilo alilijutia kabla halijafika mwisho. Mama Pacha hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, mpaka Bisibisi akaiweka diski humo, naye akairudisha kwenye mfuko wake wa buluu na kufunga kifungo.

"Sijaiona ile nyingine kwa macho," alisema. "Nikishaiona, hii chukueni mkaangie mayai."

"Mama, diski yako, uamuzi wako," alisema Bisibisi, akachukua mfuko wake wa vifaa. "Kesho asubuhi nakuletea mpya."

Mchana ule fundi rangi alikwenda kwa dada yake kuchukua ile nyekundu, akaenda amenuna na akarudi amenuna. Alichagua hata kukaa kiti cha mbali wakati wa kula.

Kesho yake Bisibisi alifika mapema, akapachika diski mpya, akaweka programu, kompyuta ikawaka vizuri kama haijawahi kuugua. Fundi rangi akaleta mfuko mwekundu kwa mikono miwili, kwa kejeli, kama anayeleta zawadi ya posa. Mama Pacha akaunganisha waya. Hakurudisha chochote. Alifungua kwanza kile kilichomo ndani ya diski. Majina yakajipanga. Jina la mwalimu wa chekechea lilikuwepo.

"Si hilo hapo!" alisema fundi rangi.

Mama Pacha akalifungua. Gauni likatokea kwenye kioo, mistari yake myeupe kwenye weusi, zuri, limenyooka.

Limenyooka mno. Mabega yalikuwa sawasawa.

Ulikuwa mchoro wa mwanzo kabisa, ule wa kabla ya kubana pini hata moja, mchoro wa mwanamke mwingine ambaye hayupo. Mama Pacha aliufunga, akaufungua tena. Mabega sawasawa. Mkono wake ulikosea kitufe mara mbili, na mumewe, aliyekaa naye miaka yote hiyo na kuuona mkono ule ukipitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, aliuona ukikosea na kununa kwake kote kukaisha.

"Nilijaza hii Ijumaa," alisema polepole. "Nyekundu. Nilijaza nyekundu."

Fundi rangi akachukua simu akampigia dada yake. Aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Dada, Jumapili zile diski za wifi yako ziliguswa na nani?"

"Nani aziguse? Hakuna aliyezigusa," dada mtu alijibu, na huku maji yanasikika yakimwagika bombani. "Nilifua tu vile vifuko. Vilikuwa na alama za mafuta, mzee, aibu! Nyie mlipokuwa mnakula nikavifua, nikavipiga pasi mpaka vikakauka, nikavirudishia diski zake. Hata ahsante sikupata."

"Ulijuaje ipi ya kifuko kipi?"

Maji yakafungwa bombani.

"Si zote nyeusi?"

Mama Pacha alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda kwenye kabati, akautoa mfuko wa buluu, akafungua kifungo kwa vidole visivyokosea tena. Alichomoa ile diski ya kwanza, akaiweka mbali kabisa juu ya cherehani ya akiba, kisha akaunganisha hii. Majina yakajipanga. Akagusa jina la mwalimu.

Bega la kushoto liko juu. La kulia limeshuka. Kiuno kimekwenda upande kama kilivyo, na mstari wa pindo unapanda kidogo nyonga ilipotangulia ili chini gauni lifike sakafuni sawa pande zote. Alikuwa yeye. Ungemjua hata bila sura.

Bisibisi alipiga kofi moja akaziba mdomo. Fundi rangi akakaa kwenye kiti cha wateja. Alitazama kiganja chake cha kulia, kile kilichompa Bisibisi diski hii hii ili ifutwe, na akaona kabisa jinsi jana ingeishia: Bisibisi anafuta, wao wanacheka, wanakunywa chai, na gauni la mwalimu linakwenda na maji.

"Nilikuwa nimeshaitoa mkononi," alisema.

"Uliitoa," alisema mkewe. "Niliirudisha."

Angeweza kumkaanga kwa mwezi mzima na angekuwa na haki, lakini alikuwa na kazi. Alivuta kiti akaanza kurudisha, na hata hapo hakukimbilia. Aliweka kidole kwenye diski ya nje akasema kwa sauti, "Kutoka huku," akaweka kidole kwenye kompyuta akasema, "kwenda kule," kama anayemwelekeza mgeni njia, kwa sababu alijua kuna watu waliowahi kunakili kinyume, wakamimina utupu juu ya mali yao. Ilipokwisha alifungua gauni la mwalimu kutoka kwenye kompyuta yenyewe, huku diski imeshachomolewa. Akafungua koti la mzee wa mgongo. Akafungua suruali ya mtu wa mguu mfupi. Wote walikuwepo, kila mmoja na mwili wake. Ndipo printa ikaanza kulia, naye akaomba gundi.

Alikata Jumatano ile ile. Alhamisi akashona, na fundi rangi hakwenda kazini. Alisema rangi ya mteja haijakauka, uongo mtupu. Alizichukua zile diski mbili mpaka uani, akabandika karatasi ya gundi kwenye matundu ya waya kama anavyobandika kwenye fremu za madirisha ya watu, akazisugua taratibu kwa msasa laini, akapaka. Mstari mmoja mpana mgongoni, mmoja mwekundu, mwingine wa buluu, kila mmoja akaupaka mara mbili, kisha akazianika kivulini akakaa karibu nazo kufukuza inzi. Kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko nyumba nyingi alizolipwa. Mama Pacha alitoka na pini mdomoni kuja kuona. Alizigeuza, akazikagua pembe zote.

"Hii haifutiki?" aliuliza kupitia pini.

"Ikifutika chukua ngazi yangu ukaiuze."

Akacheka, na pini karibu zimwanguke. Kutoka kwa mwanamke yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ijumaa alasiri mwalimu alifika moja kwa moja kutoka safarini, vumbi la njia likiwa bado miguuni. Alivalishwa. Mama Pacha alifunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, akamgeuza kuelekea kioo, akarudi nyuma. Mwalimu akasogea karibu na kioo. Aligusa bega la kushoto, akagusa la kulia, akapitisha mkono kiunoni akitafuta pale nguo zake zote hujikunja. Hakupata mkunjo.

"Limenikaa," alisema hatimaye. "Mama, limenikaa."

"Si ndilo la kwako?" alisema Mama Pacha, na akageuka upesi kutafuta mkasi ambao haukuwa na kazi yoyote saa ile.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu aliingia amenyoosha shingo, polepole, kwa sababu hakuwa na haraka ya kupita mbele ya macho ya watu, na watu walisimama. Fundi rangi alisimama nao. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alijivunia mkewe waziwazi, akitamani kumshika kila mgeni mkono amweleze kuhusu bega la kushoto. Kando yake alikuwa mjomba wa bwana harusi, mtu mchangamfu aliyekuwa ameshauliza nani kashona gauni lile na ameshajibiwa.

"Kumbe wewe ndiye Baba Pacha?" alimgeukia.

Mahali pengine pote, siku nyingine yoyote, fundi rangi angeanza hadithi ya mikasi.

"Ndiye mimi," alisema.

"Hongera sana! Na hao pacha wenyewe wako wapi? Mbona hujaja nao?"

"Mmoja yuko nyumbani," alisema fundi rangi, kifua mbele. "Mwingine analala kwa shangazi yake. Jumapili wanabadilishana."